Goti la Orla na Safari ya Ríona

Kuna maneno ambayo Ríona Mulvey amejaribu kuyaosha hata kwa maji ya bahari ya Perth, na hayajatoka.

Maneno yenyewe ni haya: kwamba ni yeye aliyewanong'oneza Waaustralia habari za goti la rafiki yake, Orla Gilrane, ili nafasi ya kwenda kucheza mpira wa kulipwa ibaki ya mtu mmoja. Yalianzia nje ya kanisa letu la Cloonfarna, yakapita dukani, yakaingia kwenye simu, yakafika Australia kabla ya mwenyewe. Aliporudi Desemba aliyakuta yamelala mlangoni kama mbwa wa nyumba.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa Januari. Mvua inapiga mabati ya mnada wa ng'ombe, na Ríona yuko katikati ya ndama, amevaa gambuti na koti la mvua la baba yake, fimbo mkononi. Ndama mmoja mwekundu anageuka kutaka kurudi alikotoka. Ríona anashusha kiuno, anamwekea bega, anamsindikiza. Ndama anaingia zizini kama aliyekusudia tangu mwanzo.

"Kangaruu," anaita mzee mmoja aliyeegemea chuma cha zizi, "mfuko wako uko wapi leo?"

"Nimeuacha nyumbani, mzee wangu. Nilijua utaomba lifti."

Wanaume wanacheka. Kisha mwingine, wa rika la Ríona, anasema kama anayejisemea, lakini kwa sauti ya kutosha: "Ndama, chunga magoti yako. Dada huyu magoti anayajua."

Kicheko kinakatika. Ríona anafunga komeo la zizi na kwenda kuleta wengine.

Ana miaka ishirini na sita. Sehemu kubwa ya mwaka analipwa kucheza mpira wa Australia katika klabu moja ya Perth. Msimu wa huko ukiisha anarudi kwa wazazi wake hapa katika kaunti yetu ya Leitrim, na Jumamosi anashika fimbo kama alivyofanya tangu amalize shule.

"Kukaa bure sijui," anasema katika mkahawa wa mnada, mbele ya chai na mkate wa soseji. "Nikikaa nyumbani mama atanilisha mpaka nisipite mlangoni. Makocha watanipima kwenye mizani ile ya ng'ombe."

Jua la huko limemkaa usoni. Hapa kwetu, mwezi Januari, hilo peke yake linatosha kuwaudhi watu. Sisi tuna rangi ya maziwa yaliyochujwa, yeye anaingia dukani amekolea kama mkate uliotoka kwenye oveni. Mwanamke mmoja alimtazama kuanzia nywele hadi viatu, akamwambia mwenye duka kwamba lazima huko kuna baridi pia, ila hawasemi.

Ríona na Orla wamekua katika nyumba mbili zinazotazamana, na kijito katikati. Tangu wakiwa na miaka minane walisimama pamoja katikati ya uwanja, refa anaporusha mpira juu kuanzisha mchezo: Ríona jezi namba nane, Orla namba tisa. Ukitaja mmoja, mwingine anapiga chafya.

Mpira wetu haulipi mtu. Unafanya kazi wiki nzima, jioni unafanya mazoezi kwenye matope, viatu unanunua mwenyewe, na Jumapili unasimama nje ya kanisa kuuza tiketi za bahati nasibu ili klabu inunue wavu mpya. Unachezea parokia uliyozaliwa. Kwetu mchezaji hanunuliwi wala hauzwi, ndiyo maana kusema kwamba fulani amemuuza mwenzake ni tusi lisilo na kifani.

Mama zao nao walikuwa marafiki wa chai. Mena Mulvey alikuwa akienda kwa Attracta Gilrane kila Jumatatu, au Attracta anavuka kijito kuja kwa Mena, na chai haikwisha bila mmoja kutaja binti yake alifunga mangapi. Walikuwa wakicheka. Lakini mtu akihesabu mabao ya mtoto wa mwenzake, anaanza pia kuhesabu mengine.

Kisha, Oktoba ya mwaka juzi, wakaja wageni wa Australia na mpira wa yai, kutafuta wachezaji.

Wa kwetu ni wa duara. Ukikimbia nao unaudundisha, au unaudondosha kwenye ncha ya kiatu na kuurudisha mkononi, na mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wa Australia una umbo la yai, na ukidunda hausemi unaelekea wapi. Siku ya majaribio Ríona alikimbia nao, mguu ukasahau uko wapi, akaudondosha kwenye kiatu kama nyumbani. Ukampiga chini ya kidevu, ukaishia mtaroni.

"Orla alicheka mpaka akachuchumaa," anakumbuka. "Halafu akauokota, akaudundisha mara moja tu, ukarudi mkononi kama paka wake. Nilimchukia kwa dakika nzima."

Tuseme ukweli, maana hapa kila mtu anaujua: Orla alikuwa bora. Mwepesi zaidi, macho nyuma ya kichwa. Ríona alikuwa na nguvu. Kwenye mpira wetu wa wanawake hairuhusiwi kumgonga mwenzako kwa bega wala kumwangusha, lakini kwa Waaustralia ndiyo kazi. Walipomwekea mfuko mzito wa mazoezi auangushe, aliuangusha pamoja na kocha aliyeushikilia. Walimuuliza alijifunzia wapi, akawaambia kwa ndama.

Wote wawili waliambiwa wajiandae. Parokia nzima ilifurahi, kwa kuwa walikuwa wawili. Wivu wetu ulikosa mahali pa kukaa.

Lakini goti la kulia la Orla lilikuwa na siri. Lilichanika ndani majira ya kuchipua, katika mchezo usio na maana, na Orla alilifunga bandeji, akacheza, akanyamaza. Waliojua ni watatu: Orla mwenyewe, mama yake Attracta, na Ríona, ambaye ndiye aliyemwendesha kwa daktari wa kaunti nyingine ili watu wasione gari lao limeegeshwa. Orla alimwapisha Ríona kwenye gari. Alimwambia, ukisema nitakufa, na Ríona akamwambia sisemi hata nikikabwa koo.

Mwezi mmoja baada ya majaribio simu zilikuja. Ya Ríona ilisema mkataba uko tayari. Ya Orla ilisema pole, tumesikia habari za goti, tutakuangalia mwaka mwingine.

Tumesikia. Kutoka kwa nani? Watu watatu walijua. Mwenye goti hakusema. Mama wa mwenye goti, ambaye angetoa la kwake kama lingetosha, hakusema. Attracta alipiga hesabu hiyo jikoni kwake, ikampa jibu moja, na Jumapili iliyofuata jibu lilikuwa nje ya kanisa likisalimiana na watu.

Ríona aliandika ujumbe wa simu kwa Orla. Haukujibiwa. Akaenda mlangoni, Attracta akamwambia kupitia dirisha kwamba Orla amelala, na ilikuwa mchana. Kanisani, padri aliposema watu wapeane amani, Attracta alimpa mkono aliye mbele, aliye nyuma na aliye kushoto, akampita Mena, aliyekuwa kulia kwake, kama nguzo.

"Mkono wangu ulibaki hewani," anasema Mena, mama yake Ríona. "Nikajikuna shavu, nijifanye ndivyo nilivyotaka."

Mtu wa Cloonfarna akienda mbali huagwa. Watu hukusanyika, kuna wimbo, kuna mkate wa matunda, kuna machozi ya wasiohusika. Ríona aliondoka asubuhi, baba yake akiendesha. Barabara nzima mapazia yalitikisika, na hakuna mlango uliofunguka.

Aliyempokea Perth ni Fintan Gilrane, binamu ya baba yake Orla, aliyeondoka hapa akiwa kijana na sasa anatunza nyasi za uwanja wa klabu hiyo. Alimbebea begi, akampikia viazi, akamwonyesha pa kununua chai inayofanana na chai. Walizungumza kila kitu isipokuwa jambo moja.

"Yeye hakunitajia goti, na mimi sikumtajia maneno ya nyumbani," anasema Ríona. "Niliona aibu. Ni ukoo wa Orla. Tukaongea hali ya hewa mwaka mzima, na huko hali ya hewa haibadiliki."

Kazi haikuwa rahisi. "Siku ya kwanza niliangushwa, nikalala nikisubiri filimbi. Filimbi haikulia. Nikafungua macho, mchezo uko upande wa pili." Alivunjika kidole, akapoteza kucha mbili. Malipo yanatosha chumba, chakula na tiketi ya kurudi nyumbani; anayemwita tajiri hajaona chumba chenyewe. Lakini katikati ya msimu aliingia timu ya kwanza na hakutoka tena.

Halafu ikaja Oktoba, na fainali ya kaunti. Cloonfarna ilikuwa haijachukua kombe la wanawake tangu mama zao wakiwa wachezaji. Ríona aliitazama kwenye simu, jikoni kwa Fintan. Akaiona namba nane ikitembea katikati ya uwanja. Aliyeivaa alikuwa Orla.

"Hapo ndipo nilipoangushwa kweli," anasema, na anazungusha kikombe chake. "Nilivaa ile jezi tangu nikiwa mtoto. Nilipiga makofi, ndiyo. Lakini moyoni nilikuwa naomba wapigwe. Mungu anisamehe, niliomba wapigwe sana."

Hawakupigwa. Walishinda, Orla akiongoza kwa goti la bandeji, na siku aliyobeba kombe ndiyo siku goti lilipokataa kabisa. Mwezi uliofuata alifanyiwa upasuaji.

Basi ndivyo ilivyokuwa: mmoja ana mkataba na hana kombe, mwingine ana kombe na hana mkataba. Kila mmoja akitazama sahani ya mwenzake. Na sisi wengine tukizitazama zote mbili.

Mapema Januari mama yake Fintan alifariki, na Fintan akaja kumzika. Kwenye msiba hapa hakuna adui. Majirani wote huingia jikoni. Attracta aliosha vikombe, Mena akakausha, na hawakusemeshana. Kila kikombe kiliwekwa mezani kwanza ndipo kikachukuliwa. Ríona alipitisha sahani ya sandwichi. Orla alikaa karibu na jeneza, magongo yake ukutani.

Fintan alikuwa amechoka na safari, na mtu aliyefiwa hutafuta neno jema la kumwambia kila mmoja. Attracta alipokuja na buli la chai alimshika mkono.

"Shemeji," alisema, "sikukwambia, lakini nilikuona mwaka juzi. Pale kwa Bikira Maria, peke yako, unamlilia goti la huyu mtoto. Nikasema, huyu ndiye mama."

Attracta alimuuliza alimwona wapi, naye alikuwa Perth.

Fintan akaeleza bila kujua anafungua nini. Misa yetu hurushwa na kamera kwa ajili ya wagonjwa na walio ng'ambo. Yeye hutazama ya katikati ya wiki akitoka kazini, na ikiisha haizimi. Hupenda kuliangalia kanisa tupu, maana alitumikia altareni pale akiwa mdogo. Siku hiyo padri alikwishatoka, taa zimepunguzwa, na kamera wala kipaza sauti hakuna aliyevikumbuka. Akamwona Attracta anawasha mshumaa, anapiga magoti, na kusema kila kitu kwa sauti, kwa jina na kwa mguu: goti la kulia la Orla, mpasuko wa ndani, tafadhali Mama lipone kabla Waaustralia hawajajua.

"Kesho yake nikawaendea makocha," alisema Fintan. "Nikawaambia mtoto huyu akija mumtunze vizuri, hata mama yake analiombea hilo goti. Nilidhani wanajua. Hawakujua?"

Attracta akaanza kumimina chai kwenye kikombe cha Fintan, ambacho kilikuwa kimejaa. Ikamwagikia sahani, ikafika kwenye kitambaa, na hakuna aliyemzuia. Orla alichukua magongo yake akatoka.

Ríona bado alikuwa ameshika sandwichi. Anasema hakujisikia furaha. "Nilitaka kucheka, kwa sababu ungesikia jambo hilo la parokia nyingine ungecheka wiki nzima. Halafu nikaitazama mikono yake Attracta."

Siku tatu zilipita. Siku ya nne Orla alivuka kijito kwa daraja la mbao, gongo moja, matope hadi kifundoni. Mena alimwona kupitia dirishani na akajizuia kwenda kumshika. Ríona alikuwa langoni akifunga waya uliolegea.

"Si wewe," Orla alisema.

"Nilikwambia."

"Hukuniambia. Uliandika."

"Hukufungua mlango, we mwanamke."

Orla akasema asidhani kwamba ukweli ukijulikana na wivu umekwisha. Alimwonea wivu tangu ile simu, anamwonea mpaka leo, akiona picha za uwanja ule wenye nyasi kama zulia anataka kuitupa simu mtoni.

"Na mimi niliomba mpigwe fainali," alisema Ríona.

"Tulishinda kwa pointi kumi."

"Tisa. Nilihesabu."

"Ya kumi refa alitunyima." Orla akapangusa pua kwa kiganja. "Namba nane sikurudishii."

"Nitavaa tisa."

"Tisa ina mwenyewe. Utaanzia benchi."

Mena anasema aliwaona wameegemea lango pamoja, migongo kwake, na kwamba mabega yalikuwa yakitikisika, lakini kwa mbali hakuweza kujua ni kicheko au kilio, na hakuuliza.

Jumapili hiyo Attracta alinyoosha mkono wakati wa amani. Mena aliupokea. Ulikuwa wa baridi, anasema, lakini ulikuwa mkono. Jumatatu za chai hazijarudi.

Ungedhani maneno yalikufa msibani. Hayakufa. Aliyekuwa nayo anayapenda, ameyalea, atayatupa vipi? Sasa wengine wanasema Ríona alimfundisha Fintan la kusema, mbele ya maiti ya mama yake. Ndiyo maana yule kijana wa mnadani bado anawaonya ndama. Maneno hayahitaji kuwa ya kweli ili yaishi. Yanahitaji tu mtu mwenye jua usoni mwezi Januari.

Ríona ataondoka tena Aprili ikiisha. Mkataba wake una msimu mmoja zaidi, na anakusudia kuumaliza, halafu arudi kucheza hapa hata kama ni benchi, kwa sababu kombe bado hajalishika. Oktoba wageni wa mpira wa yai watakuja tena. Orla hajasema kama atakwenda majaribio. Anasema daktari kwanza. Lakini Ríona ameuacha mpira mmoja wa yai kwenye daraja la mbao, chini ya jiwe usije ukaondoka na maji, na juzi haukuwepo.

"Labda ni kondoo," anasema Ríona, na anamaliza chai.

Huko nje ndama wengine wameshushwa. Anavaa koti.

Wasichana wadogo wa Cloonfarna nao wanadundisha mipira ya yai kwenye nyua, wa nyumbani kwangu mmoja wao, na videvu vyao vina alama. Nao watakwenda, si wote, na hapo ndipo penye hatari. Basi wazazi wenzangu, na nyinyi mabinti, ya kuepuka ni haya:

Usifiche goti.

Usimwapishe rafiki siri ambayo mama yako pia anaijua.

Usimwombee mtoto kwa sauti kanisani kabla hujaangalia ile taa nyekundu ya kamera.

Usihesabu mabao ya watoto wawili kwenye meza moja ya chai.

Usipige hesabu ya watu watatu ukamwondoa wa kwako kwanza.

Usimnyime mtu mkono wakati wa amani. Utauhitaji kwenye msiba.

Usimwulize aliye mbali hali ya hewa tu.

Usigawe jezi ya mtu kabla hajaaga.

Usimwite Kangaruu mbele ya mama yake.

Na Aprili, gari la baba yake likipita asubuhi, usisimame nyuma ya pazia.